Turubai Lisilo na Msiba

Goti la kulia ndilo lililonistaafisha. Mimi mwenyewe nilikuwa bado nataka kuhamia kituo kimoja zaidi, maana nilisikia kuna shule mpya huko pembezoni ambako lami imefika kabla ya maji ya bomba, nikataka nikaone watu wanavyovuka. Goti likakataa. Sasa nashinda nyumbani na kukaa siwezi. Nazunguka uani, natoka getini, naangalia bodaboda zinavyokata kona, narudi. Mke wangu amechoka kuniona. "Andika basi," kaniambia, "angalau mkono mmoja utulie."

Naandika kwa ajili yenu mnaovaa vile vizibao vya rangi ya ndimu na kuvusha watoto wa shule katika mitaa yetu. Mishahara siiandiki, haitajaza mstari. Vyeo havikuwepo. Cheo kikubwa nilichowahi kupata ni kuitwa "Afande" na makonda, na hawakuwa na nia njema.

Kazi hii sikuitafuta. Kabla yake nilikuwa utingo wa lori, nikachoma chipsi, nikauza maji baridi, nikalinda ghala moja ambalo sikuwahi kuambiwa lina nini ndani. Ghala hilo niliacha kulilinda kwa sababu hiyo tu. Siwezi kulala nje ya mlango ambao sijui unafunika nini.

Kisha nikawa kibarua wa kupaka alama za barabarani. Tukapelekwa Sinza na kamba, brashi pana na ndoo ya rangi nyeupe, tuchore kivuko cha pundamilia mbele ya geti la shule. Pale palikuwa na mama wa makamo, Bi Zuhura, aliyekuwa akivusha watoto kwa kupunga khanga nyekundu, maana vibao vya kusimamisha magari vilikuwa havijafika. Alituangalia mpaka tukamaliza.

"Kijana, umepaka vizuri," akaniambia. "Sasa nioneshe mtoto mmoja atakayepita hapo."

Nikakaa kuangalia. Watoto walitoka kwenye kichochoro kati ya baa na gesti, chini kabisa ya barabara, na wakavuka palepale walipotokea. Kwenye pundamilia wangu alipita mbuzi. Kesho yake sikwenda kupaka rangi. Nilikwenda kumuuliza Bi Zuhura mengine anayoyajua.

Alinipa filimbi siku hiyohiyo, akanikataza kuipuliza.

"Ukipuliza, dereva anatafuta trafiki yuko wapi. Anaangalia huku na huku, watoto anaacha kuwaona. Mwangalie wewe kwanza."

"Nimwangalie nini, mama?"

"Tairi la mbele. Uso wa dereva unaweza kukuchekea na gari bado linakuja. Tairi halijui kucheka."

Hilo limenilinda kuliko kizibao. Shikeni hilo hata kama mengine yote mtayatupa: mtoto haweki mguu kwenye lami mpaka tairi la mbele limelala, halizunguki tena. Pia Sinza ilinifundisha kwamba gari lenye vioo vyote wazi na muziki mkubwa saa moja kasoro asubuhi halijatoka nyumbani, linarudi. Hilo liache lipite, hata likisimama. Dereva wake anaweza kusahau kwamba amesimama.

Nilipoanza kuzijua sura za watoto wote wa Sinza, nikaomba kuhama. Ndivyo nilivyo. Kamati za wazazi zilikuwa zinaazimana wavushaji, basi kila aliyehitaji mtu alinipata mimi, begi likiwa tayari.

Kibamba, kule mwisho wa jiji kwenye Barabara ya Morogoro, adui alikuwa jua. Asubuhi magari yote yanakimbilia mjini na jua limewakaa machoni. Unasimama katikati na kibao chako kikubwa, nao wanakuja tu, kwa sababu wewe ni kivuli. Niliumia kichwa na jambo hilo. Mwisho nikawa napanda mwenyewe kwenye lori la dereva yeyote anayekubali, nakwenda naye mbele kidogo, ili nione anachokiona. Nikagundua kuna mahali jengo refu linalifunika jua kwa muda mfupi na dereva anapata macho yake. Tukaweka mzazi mmoja palepale na kitambaa, awaambie mbele kuna watoto kabla hawajapofuka tena.

Segerea nilikaa muda mfupi. Huko karandinga lilikuwa likipita na wafungwa, na lilisimama kwa watoto kila mara bila kuombwa. Mikono ilitoka kwenye nondo kuwapungia, watoto wakapunga nao. Mwalimu mmoja hakupenda. Mimi nilipenda, nikawa nawaza wale waliomo humo wanakumbuka kuvuka barabara ipi.

Halafu Temeke. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kesi ngumu kuliko zote ilikuwa hapa, na ilikuwa ya mtoto mmoja tu.

Mtaa sitautaja jina. Barabara kuu ya karibu ilikuwa na foleni ya asubuhi isiyosogea, na madereva wa malori ya mchanga waligundua kwamba ukikata kushoto kwenye mashine ya kusaga, ukapita mbele ya shule ya msingi, unaibukia mbele ya foleni. Njia yenyewe ni ya mtaa, nyembamba, mtaro upande mmoja, kuta za nyumba upande wa pili. Lori likiingia, mtu anajibanza ukutani na kuvuta tumbo ndani.

Muda mfupi kabla sijafika, lori lilimpiga mtoto wa darasa la kwanza aitwaye Shufaa na kumtupa mtaroni. Mguu ulivunjika. Lori halikusimama. Mimi nilipokuja, plasta ilikuwa imeshatolewa na Shufaa anatembea vizuri kabisa, lakini hakuwa shuleni. Alikuwa kwenye kona, ng'ambo ya shule, anapepea moto wa mama yake anayekaanga vitumbua.

"Mguu umepona, Mama Shufaa?" nikamuuliza siku ya kwanza.

"Umepona."

"Mbona hayuko darasani?"

Akanitazama, kile kijiti cha kugeuzia vitumbua kikiwa hewani. "Malori yamepona?"

Shule ilikuwa pale, hatua chache, mtoto anasikia wenzake wanavyoimba majedwali ya kuzidisha, na katikati yao kuna lami nyembamba. Mama yake aliapa kwamba mtoto hataivuka tena mpaka malori yaache kupita asubuhi.

Mtaa ulikuwa na kamati ya usalama barabarani, nami nikaingizwa. Walikuwa wameshajaribu tuta. Wakachangishana saruji, wakajenga tuta kubwa la kutisha mbele ya geti. Bodaboda zikawa zinalikwepa kwa kupita pembeni, yaani palepale wanapotembea watoto. Malori yalipolirukia, vyombo vilianguka makabatini. Wenye nyumba wakalivunja tuta wenyewe kwa sururu, baadhi yao wakiwa walewale waliochangia saruji. Kamati ikaandika barua, ikajibiwa kwamba mhandisi atakuja kuangalia. Naamini bado yuko njiani.

Ndipo bibi mmoja wa nyumba ya juu akafariki. Familia ikafunga turubai barabarani kama ilivyo kawaida yetu, viti vya plastiki hapa, mikeka ya kina mama pale, njia imeziba. Asubuhi lori la kwanza likaingia kwa kishindo, likaona turubai, likanyamaza. Dereva akazima redio. Akarudi kinyumenyume taratibu, mpaka utingo wake alikuwa ananong'ona: "Njoo, njoo, kata kulia." Yaliyofuata yakafanya vivyo hivyo. Dereva wa Dar atagombana na trafiki, atagombana na abiria, na mkewe kwa simu akiwa anaendesha, lakini hagombani na msiba.

Siku zote za msiba ule Shufaa alikwenda shule. Mama yake alimvusha mwenyewe hadi getini. Turubai likafunguliwa, malori yakarudi, na Shufaa akarudi kupepea moto.

Katika kamati kulikuwa na Bwana Chande, mkodishaji wa maturubai na viti, mtu mwenye sauti ya harusini hata akiwa anakuuliza saa. Kikao kilichofuata alisimama.

"Mmeona? Turubai langu limefanya kazi kuliko nyie wote na filimbi zenu. Tulifunge tena."

"Nani kafa?" akauliza mwenyekiti wa mtaa.

"Hajafa mtu. Tunafunga turubai tu, asubuhi, tunafungua. Kuna sheria inasema turubai lazima liwe na maiti?"

Tukatazamana. Mwalimu mkuu akaangalia nje dirishani. Mimi nilitaka kujua itakuwaje, na tamaa hiyo ndiyo imeniongoza maisha yangu yote, kwa heri na kwa shari. Nikasema tujaribu asubuhi moja.

Tulilifunga mahali njia inapobana zaidi, ambapo ukuta una vyuma vya kufungia kamba. Ukuta huo ulikuwa wa duka la Mzee Seif. Mzee Seif ni mtu wa asili ya Kiarabu, familia yake imeuza mchele na mafuta ya taa mtaani hapo tangu wazazi wetu wakiwa watoto. Alikuwa anaumwa homa, amelala ndani, na duka lilikuwa halijafunguliwa siku kadhaa. Sisi tuliangalia vyuma vya ukutani tu. Turubai, viti, duka limefungwa, mwenye duka mgonjwa. Mtaa ukajumlisha wenyewe.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri mno. Malori yaligeuza bila neno. Dereva mmoja, Masanja, Msukuma mnene mwenye lori la bluu, alishuka kabisa, akavua kofia.

"Poleni sana jamani. Nani katutoka?"

Chande, mwenye maneno ya kila shughuli, akakosa hata moja. "Ni... ni wa hapahapa," akasema.

"Ah. Mungu amlaze pema," akajibu Masanja, akarudi kwenye lori lake kwa miguu ya polepole.

Ng'ambo, Mama Shufaa aliliona turubai. Akamvalisha Shufaa sare mbiombio, akamvusha, akarudi, akazima moto, akajifunga khanga ya pili na kuja kukaa mkekani. Mikeka sisi hatukuitandika. Kina mama walikuja nayo. Jua lilipopanda kulikuwa na sufuria la uji jikoni kwa jirani, muuza kahawa amekwishasogea, na wanaume wa makamo wamekaa mstari mmoja wanatikisa vichwa. Nilimwambia Chande tuseme ukweli. Akaniambia niseme mimi. Nikamwambia turubai ni lake.

Tukiwa katika mabishano hayo akaja Bwana Jafar. Huyu ana duka la vifaa vya ujenzi mtaa wa juu, familia yao ni Wahindi wa siku nyingi hapa, na yeye na Mzee Seif walikuwa hawasemeshani kwa sababu ya mtaro mmoja ambao kila mmoja alidai unamwaga maji kwa mwenzake. Alikuwa amefunga duka ili aje. Akakaa, akajifuta uso kwa leso.

"Mimi na marehemu tulikuwa na maneno yetu," akasema mbele ya watu wote. "Lakini nasema hivi. Yule alikuwa mtu wa haki. Mizani yake haijawahi kumdanganya mtu. Na neno lake, akilisema, mtu unaweza kwenda kulala."

Mlango wa duka ukafunguka. Mzee Seif alikuwa na msuli na fulana, ndevu hazijachanwa, ameshika fremu kwa mikono miwili.

"Endelea, Jafar," akasema. "Hapo kwenye mizani sijakusikia vizuri."

Mama mmoja alipiga kelele na kukimbia, akaacha kandambili moja. Mwingine akaanza kucheka, kicheko kile cha kushindwa kujizuia, kikaenda mkeka mzima. Kisha wote kwa pamoja wakamgeukia Chande.

"We Chande! Unamwitia mtu mauti na turubai lako lenye matobo?"

"Na uji wangu? Mchele wangu umeingia humo!"

"Mwanaume mzima! Lifunge hilo turubai kwako, ukae chini yake wewe na mkeo, tuje tukulilie!"

Chande alifungua kamba kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwenye shughuli yoyote aliyolipwa.

Mama Shufaa hakupiga kelele. Alinyanyuka, akakung'uta khanga yake, akaja mpaka nilipo.

"Mlinidanganya na mie?"

"Mama Shufaa, tulitaka..."

"Mwanangu nimempeleka kwa sababu ya hili turubai. Nimekuja kulia na watu. Kumbe mchezo." Akaangalia lile duka lililofunguka. "Sasa hata msiba wa kweli sitauamini."

Akavuka, akaingia shuleni, akamtoa mtoto darasani katikati ya kipindi. Nilimwona Shufaa akipita na mkoba mgongoni, akigeuka nyuma kila hatua. Matusi ya wale kina mama niliyasahau jioni ileile. Mgongo wa mtoto huyu sikuusahau.

Mzee Seif alikuwa ameshakaa kwenye kiti kimoja cha Chande, akikataa kurudi ndani. Homa ilikuwa imembakia miguuni tu, akili ilikuwa kali. Akataka aelezwe, nami nikamweleza yote, kuanzia mguu wa Shufaa hadi tuta.

"Kwa hiyo mmeniua kwa ajili ya mtoto wa vitumbua."

"Hatukukuua, mzee. Ni watu tu wali..."

"Mmeniua. Watu wamelia, nimewasikia kwa masikio yangu. Sasa nataka nione faida yake." Akamgeukia Jafar, ambaye alikuwa bado yupo, amekosa pa kuitia leso yake. "Mchanga wa malori haya unashushwa wapi?"

Jafar akaangalia viatu vyake. "Mwingine kwangu."

"Umesema mie ni mtu wa haki."

"Nimesema."

"Ulikuwa unamdanganya maiti?"

"Sikudanganya, Mzee Seif. Na sirudishi."

"Basi mchanga wako uje watoto wakishaingia darasani."

Jafar angeweza kuleta habari za wateja, za mafundi wanaosubiri, na zingekuwa za kweli. Hakuleta. "Asubuhi sitapokea tena," akasema. "Na wenzangu wawili kule juu nitaongea nao mimi." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Mtaro bado ni wako lakini."

"Mtaro tutauongelea nikifa," akajibu Mzee Seif.

Yakabaki malori yasiyomhusu Jafar, yale ya kukwepa foleni tu. Kesho yake asubuhi nikamkuta Mzee Seif amekaa kwenye kiti katikati ya barabara, shuka begani, kikombe cha kahawa mkononi. Pembeni yake amekaa Jafar, kwa sababu hakutaka kuonekana amezidiwa. Siku iliyofuata wakawa wanne, mstari mmoja, kuanzia mtaroni hadi ukutani.

Lori likija, dereva anapiga honi kabla hajaona vizuri. Akiona, anatoa kichwa dirishani, na hana njia nyingine zaidi ya adabu.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba, mwanangu," anajibu Mzee Seif. "Hujambo?"

"Sijambo, mzee. Naomba nip..."

"Nyumbani hawajambo? Watoto? Umetokea wapi asubuhi yote hii? Kule mvua imenyesha?"

Salamu zile zilikuwa ndefu kuliko taa nyekundu yoyote niliyowahi kuisubiri. Zikiisha, kengele imelia, watoto wamo ndani, na wazee wananyanyua viti vyao mmoja mmoja, bila haraka. Polisi angeweza kusema ni kosa kukaa barabarani. Alikuja mmoja, kijana, na pikipiki. Akasema shikamooni. Akaulizwa habari za nyumbani.

Nawaambia haya kwa sababu mtapewa vifaa, na vifaa ni vizuri. Lakini kila mtaa una kitu ambacho dereva hawezi kukipita kwa honi. Kitafuteni. Msikibuni tu kama Chande.

Ila Shufaa alikuwa bado kwenye kona. Malori yamepungua, wazee wamekaa, na mama yake anaangalia yote hayo kama mtu anayeangalia turubai jingine. Nilianza kukosa usingizi. Barua ya kurudi Kibamba nilikuwa nimeshaiomba na kuipata, na begi langu lilikuwa mlangoni. Kila asubuhi nilisema ni ya mwisho.

Madereva waliozuiliwa wakaanza kuegesha kwenye kona kusubiri kengele, na anayesubiri anakula. Masanja akawa mteja mkubwa. Asubuhi moja Mama Shufaa akamhoji huku anamwekea vitumbua.

"We si ndo unaendeshaga lile la bluu?"

"Ndo mie, sista."

"Mkipita hapa mnawaangaliaga watoto kweli?"

Masanja akaacha kutafuna. "Nisikudanganye. Kutoka kule juu, mtoto mdogo akisogea kwenye bampa, simuoni. Panda uone."

Nilidhani atakataa. Akanipa mimi kijiti cha vitumbua, akapandisha khanga, akapanda. Masanja akamwomba Shufaa asimame mbele ya lori lililozimwa. Tukamwona Mama Shufaa kule juu ananyoosha shingo, anasogea kushoto, anasogea kulia, anainuka kwenye kiti. Aliposhuka alimvuta kwanza Shufaa kando ya bampa.

"Kumbe hamtuoni."

"Hatuwaoni, sista. Ndo maana huyu mzee wa filimbi namsikilizaga, japo ananichelewesha tripu. Yeye yuko chini, anawaona."

Akarudi kwenye moto. Shufaa akampa Masanja chenji yake, haraka, bila kuhesabu mara mbili.

"Aisee!" Masanja akacheka. "Huyu kichwa! Utingo wangu hamfikii. Mama, shule ya nini tena? Nipe mie nimwajiri."

Alikuwa anatania na kila mtu alijua. Mimi nilicheka kidogo, kisha nikashindwa. Niliacha shule darasa la tano, wala hakuna aliyenifukuza. Nilikaa nje kwa sababu ya homa, nikasaidia kwenye genge la mjomba, na wateja wakanisifia jinsi ninavyojua chenji. Sifa ni tamu ukiwa mdogo. Nimetembea jiji hili lote nikiuliza watu maswali ambayo wenzangu waliyajua darasa la sita. Sikumwambia Mama Shufaa hayo. Lakini nilimwona akimtazama binti yake, kile kijiti kimesimama, na kitumbua kinaanza kuungua upande mmoja.

Asubuhi ya Jumatatu iliyofuata, wazee wamekaa, Masanja amezima lori nyuma yao, mimi nimeinua kibao. Kundi la darasa la kwanza likaja likicheka. Nikaangalia tairi. Limelala. Nikawaita.

Shufaa alikuwa na sare. Sijui kama alivalishwa au alijivalisha. Aliweka pepeo la moto chini, akaingia katikati ya wenzake na kandambili miguuni, wala hakuniangalia. Alipofika mbele ya viti akasimama, akainamisha kichwa.

"Shikamooni babu."

"Marahaba, mjukuu," Mzee Seif akasema. Huyu hakumuuliza habari za nyumbani. "Nenda, kengele hiyo."

"We Shufaa!" Mama yake alikuwa amesimama. "Viatu!"

Akaja mbio na viatu mkononi, akafika katikati ya lami, akasimama. Pande zote mbili hakuna kilichotembea. Masanja alikuwa ametoa mikono yake yote miwili nje ya dirisha ili aonekane hajashika kitu. Mtoto alikuwa ameshaingia getini. Mama Shufaa akabaki pale na viatu vyake, na huku nyuma vitumbua vinaungua, harufu imetufikia wote.

"Darasa la kwanza wanatoka saa ngapi?" akaniuliza, na alikuwa anajua.

"Saa sita."

"Utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

"Na nani tena? Saa sita jua kali, wazee hawakai."

Mzee Seif akavuta shuka lake begani. "Mie nimeshakufa, mama. Nitaenda wapi?"

Mama Shufaa akamtazama. Kisha akanipa viatu nivipeleke getini, akarudi kwenye moto wake, akaanza kuokoa vilivyookoka. Nikaweka viatu kwapani, nikainua tena kibao, maana watoto walikuwa bado wanakuja.